Chujio la Mawingu

Wingu lilipita juu ya mnara bila kusimama, na Zaberi Mahenge akavua kofia yake ya sufu akaitupa kwenye tope.

"Lile ni letu! Shemeji, lile ni letu kabisa! Vumbi lake nimelirusha mwenyewe kule ziwani. Sasa linakwenda wapi?"

"Linakwenda zake," alisema Obadia Tweve. "Mnara haulijui."

Lilikuwa wingu zito, limeinama kama ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa. Lilivuka ukingo wa mlima taratibu, likaanza kuteremka kuelekea bonde la Usangu. Huku nyuma, viazi vya kijiji cha Lyandala vilibaki na kiu yake.

Obadia aliingia kwenye kibanda chini ya mnara, akafuta ukungu kwenye skrini kwa kiganja. Zaberi alimfuata akiwa bado anagomba. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wakulima, na kwa kuwa Obadia alimwoa dada yake, aliamini ana haki ya kumgombeza mara mbili.

"Tazama jina lake," Obadia alisema. "n7. Hiyo n ni ndogo. Chujio letu linajua herufi kubwa tu."

"Herufi ni herufi."

"Kwako. Kwa mashine, n ndogo na N kubwa ni watu wawili, hata hawasalimiani."

Wakati huo kila wingu la mlimani lilikuwa na jina. Wenye mawingu walirusha vumbi juu ya Ziwa Nyasa, vumbi likashika mvuke, na mvuke ulipopanda likaanza kuimba jina lake kwa sauti ambayo sikio la mtu haliipati. Mnara uliisikia. Alama ya kwanza ya jina ilikuwa ya mwenye wingu. Ya pili ilikuwa uzito: 0 ni ukungu wa kulowesha ndevu, 9 ni wingu la kubomoa madaraja. Wingu likikubaliwa, mnara ulilipigia mluzi, vumbi likashikana, matone yakanenepa, mvua ikashuka. Likikataliwa, lilipita.

Aliyeamua lipi likubaliwe alikuwa Obadia, kwa chujio aliloandika mwenyewe:

[A-Z][0-9]

Shule aliiacha darasa la sita akaenda kupasua mbao, na kazi ya chujio aliiona ni ileile. Unapiga mstari, msumeno unafuata mstari, na ukienda upogo usilaumu msumeno. Kila mabano mraba yalikuwa mlango wa kupita mmoja. Ndani yake unaweka alama unazozikubali, na kati ya hizo inapita moja tu. Mlango wa kwanza ulisema: herufi yoyote kuanzia A mpaka Z. Wa pili ulisema: tarakimu yoyote kuanzia 0 mpaka 9. Kile kistari cha katikati ndicho "mpaka."

Lakini msimu huu wanachama wa umoja walikuwa wameongezeka, herufi kubwa zikaisha, na wapya, ambao Zaberi aliwarushia vumbi mwenyewe, wakapewa ndogo.

"Basi ziongeze hizo ndogo," Zaberi alisema. "Upesi. Kuna lingine linakuja, na hilo nalo nalijua kwa umbo."

"Unalijua kwa umbo?"

"Kama ninavyomjua mke wangu kwa nyuma. Andika, shemeji!"

Obadia aliinamia kibodi. Kuanzia A kubwa mpaka z ndogo, alifikiri, zote zimo. Akafuta Z, akaweka z:

[A-z][0-9]

Kila chujio jipya lilihitaji vidole gumba viwili, cha mtunza mnara na cha mwenyekiti. Obadia alibonyeza chake. Zaberi alibonyeza chake bila kusoma, akatoka mbio kwenda kutazama juu.

Mnara ulipiga mluzi. Wingu lilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Mvua ikashuka, kubwa na nzuri, na mwenyekiti wa umoja akacheza kwenye tope huku akiikanyaga kofia yake mwenyewe.

*

Haikuwahi kuonekana mvua kama ile. Haikuharibu kitu, ilinyesha tu, kila alasiri, ikaacha, jua likatoka, watu wakapalilia. Viazi viliotesha majani mapana kama sikio la mbuzi. Watu walipoona hivyo walilima hata lile shamba la chini, la mteremkoni, ambalo wazee wao waliliacha kwa ukavu. Pareto ilitoa maua mpaka majamvi ya kuanikia yakapungua. Mianzi ilitoa ulanzi kuliko walivyoweza kunywa, na hilo Lyandala lilikuwa jambo jipya.

Obadia alilala vizuri. Mke wake Enesi alinenepa mashavu, na alipoambiwa akakubali. Hata Zaberi alipunguza kelele.

Siku moja adhuhuri Obadia alikuwa uani akinoa jembe aliposikia sauti ya mwanamke kwenye njia ya chini.

"Hodi huku mawinguni! Wenyeji mpo au mmeshakuwa malaika?"

Alikuwa Bi Sikitu, mama wa Raimondi aliyemwoa binti yao Ezelina kule Usangu. Kila mwaka alipanda mlima na mchele, akashuka na viazi. Kwa kawaida alikuja baada ya mavuno, na gunia begani mwa kijana wa kumsaidia. Safari hii ilikuwa katikati ya msimu, alikuwa peke yake, na mkononi alishika kifuko.

"Karibu, mzazi mwenzangu," Obadia alisema, akasimama kumpokea.

"Nimekaribia. Na msikicheke kifuko changu. Huo ni mchele wa mwaka jana, tena wa chini ya pipa. Mkikuta panya, ni wa kwenu sasa."

Enesi alitoka jikoni anacheka, akamkumbatia. "Mama Raimondi, umepanda mlima wote huo na hujachoka?"

"Nilichoka. Nikakuta mianzi yenu pale njiani, nikashusha mbeta moja, nikanywa, nikapata miguu mipya."

"Ulikunywa tu? Hukubeba?"

"Nibebe nini, mwanamke? Nilikunywa, nikairudisha mbeta wima, nikamshukuru mgemaji nisiyemjua. Mila zenu nazijua."

Ile mianzi ya njiani haikuwa na mwenyewe. Lyandala waliigema kwa zamu, wakaacha kopo la mwanzi, yaani mbeta, kwenye kila shina lililokatwa, kwa ajili ya mpitanjia. Mwenye kiu alikunywa hapo hapo, akarudisha mbeta, akaenda. Kubeba ilikuwa mwiko.

Walikula. Bi Sikitu alikula viazi kwa adabu, kisha akaacha adabu, akaongeza. Obadia aliona viganja vyake vimepasuka kama vya mtu wa kiangazi.

"Hali ya kwenu?" aliuliza.

"Kwetu hakuna hali." Alipangusa mikono. "Kitalu cha mpunga kiko tayari, miche imekua, imeanza kuwa ya njano, inasubiri kupandikizwa. Majaruba yamepasuka, mbuzi anaweza kuvunjika mguu. Mawingu tunayaona, mzazi mwenzangu. Yanavuka mlima huu kila siku. Lakini yakifika kwetu ni meupe, membamba, kama nguo iliyokamuliwa na mtu mwenye hasira. Watu wanasema Mungu amechoka na Wasangu."

"Wasangu wanachosha kweli," Enesi alisema.

"Tunachosha, lakini kwa kiasi. Nimekuja kuomba viazi vya kula nyumbani, nisiwafiche. Yule binti yenu ananyonyesha."

Enesi aliacha kutabasamu. Alinyanyuka akaanza kuchagua viazi.

*

Bi Sikitu alitaka kuuona mnara. Alikuwa anausikia tu kwa mkwe wake Ezelina, aliyeusifu kana kwamba baba yake ndiye aliyeuzaa. Obadia alimpeleka baada ya kula, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya skrini.

Majina yalipita moja baada ya jingine. C4. Mluzi. n2. Mluzi. H5. Mluzi. Nje, mvua ilikuwa imeanza.

"Kwa hiyo hizo herufi ni wenyewe," alisema Bi Sikitu.

"Wenyewe. C ni wale wa mashariki ya mlima. H ni sisi."

"Na hilo lenye mstari?"

Skrini ilionyesha _8. Mluzi ulipigwa, mrefu, na matone mazito yakagonga paa la kibanda.

Obadia aliinamia skrini.

"Nakuuliza. Hilo lenye mstari chini ni la nani?"

"Halina mwenyewe," Obadia alisema polepole. "Hilo ni wingu pori. Halikurushiwa vumbi na mtu, limeokota tu vumbi lililosalia angani. Mnara ukilisikia unalipa kistari cha chini, maana hauna jina la kulipa."

"Mawingu pori si ndiyo ya kwetu? Si ndiyo makubaliano? Ninyi wenye vumbi mnakula ya vumbi, sisi tusio na vumbi mnatuachia ya pori?"

"Ndiyo makubaliano."

"Basi mbona mmelishusha?"

Obadia alilitazama chujio lake juu ya skrini. Mabano mawili, alama chache, kazi ya dakika moja. Alilitazama kama mtu anayetazama ubao uliopasuka na bado hajaona ufa uko wapi. Kisha akauona, akakaa chini kwenye sakafu.

"Mzazi mwenzangu, unaumwa?"

"Sikiliza. Ungekuwa na harusi, ukamtuma mtu: alika kila nyumba kuanzia kwa Tweve mpaka kwa Luvanda. Unamaanisha akina Tweve na akina Luvanda. Lakini mjumbe wako hajui moyo wako, yeye anajua njia. Atabisha hodi kila nyumba iliyo katikati."

"Hata kwa mlevi."

"Hata kwa mlevi. Mashine haina alfabeti kichwani, ina foleni. Herufi kubwa zimesimama mbele, A mpaka Z. Herufi ndogo zimesimama nyuma. Na katikati ya hizo mbili wamesimama watu wengine: mabano yenyewe, alama za mkwaju na kofia, na kistari cha chini. Mimi nikasema kuanzia A kubwa mpaka z ndogo. Nikaalika nyumba zote."

Bi Sikitu aliinuka kwenye kigoda. Nje mvua ilizidi. Ilikuwa mvua nzuri sana.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwanzo wa msimu."

Alitegemea matusi. Bi Sikitu alisimama mlangoni akanyoosha mkono wake uliopasuka, akakinga matone, akayatazama kiganjani.

"Haya ni yangu," alisema. Akayanywa. "Matamu. Sasa twende kwa huyo mwenyekiti wenu, kabla sijalia, maana nikilia nitasahau maneno."

*

Zaberi walimkuta kwenye shamba la chini, lile jipya. Enesi alikuwa naye, alikuja kuomba viazi vya kuongeza kwenye mzigo wa Bi Sikitu. Zaberi alikuwa amefukua shina moja kwa vidole ili aone, na kwenye udongo mweusi vilining'inia viazi vidogo, ukubwa wa goroli.

"Bado wiki mbili tu vishibe," alisema kwa furaha. "Mkwe! Umekuja kuona utajiri?"

Obadia alimweleza. Alieleza vibaya, kwa mkato, kama kawaida yake, lakini alieleza yote. Zaberi alivifukia vile viazi upya, kwa upole, kama anafunika mtoto.

"Ngoja. Kwa hiyo mvua yote hii…"

"Nusu yake si yetu. Labda zaidi."

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe. Na hawa."

"Na mimi sina mdomo mdogo," Bi Sikitu alisema.

Zaberi alijikuna shingo. "Ni kosa la mashine."

"Mstari niliupiga mimi," Obadia alisema. "Mashine ilifuata mstari. Na kidole gumba ni chako."

"Sawa, sawa. Hakuna aliyekusudia. Basi tumalize kwa amani. Wiki mbili. Viazi vikishiba, unarekebisha, mvua inashuka bondeni, kila mtu anacheka. Ukifunga leo, shamba hili lote linakufa. Kijiji kizima kimepanda hapa, shemeji. Hata wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Matuta ya Obadia yalikuwa pale pale, matatu kutoka aliposimama, na Enesi alishayapangia matumizi.

"Wiki mbili miche yangu itakuwa mabua," Bi Sikitu alisema. "Nitachemshia chai. Mche wa mpunga hausubiri kama mchumba. Ukipita umri wake ukiupandikiza unasimama tu, hauzai."

"Mkwe, nakusikia. Lakini wingu pori halina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni cha aliyekikuta."

Zaberi alipangusa udongo vidoleni. Kisha Enesi akaweka kikapu chini.

"Kaka, hebu rudia hayo maneno mbele ya Fungo."

"Fungo anaingiaje hapa?"

"Fungo aliweka dumu chini ya mianzi ya njiani, akazunguka na kumimina kila mbeta. Ulimkalisha mbele ya kijiji. Akajitetea kwamba mianzi ile haina mwenyewe. Ulimjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Mbuzi wake wa faini unamkumbuka. Tulimla wote, hata wewe. Ulimwambia: kisicho na mwenyewe ni cha kila mtu, na cha kila mtu hakiendi na dumu."

Bi Sikitu alicheka kwa sauti. "Ewaa! Mwenyekiti, kumbe una maneno mazuri, unayasahau tu mvua ikinyesha!"

Zaberi alijaribu kukasirika. Alijitahidi kabisa, mpaka mishipa ya shingo ikatoka, kisha kicheko kikamponyoka puani. "Huyu dada yangu," alimwambia Obadia, "nilikupa ili nipumzike."

"Harudishwi," Obadia alisema.

Lakini alipogeuka akaona tena yale matuta, na watu wa kijiji wakipalilia kule mbele, wakiimba, hawajui lolote. Zaberi naye aliyatazama, kicheko kikaisha.

"Vitakufa, shemeji. Umeshinda, lakini vitakufa."

Obadia hakupenda kushinda namna ile. Alichuchumaa, akashika udongo. Ulikuwa mbichi juu, lakini ukichimba kidogo ulikuwa umeanza kupauka, maana mteremko ule haukushika maji. Shamba lile halikuhitaji mvua kubwa. Mvua kubwa iliteremka tu na kwenda zake. Lilihitaji kuloweshwa kidogo, kila siku.

Kunywa, si kubeba.

"Mzazi mwenzangu," alisema. "Ule ukungu mweupe wa asubuhi, mawingu mepesi kabisa. Huwa unafika kwenu?"

"Ukungu? Ukungu unafia huku huku mlimani. Sisi ukungu tumeuona kwenye picha za harusi ya mwanao tu, nikadhani mpiga picha amechafua kioo."

"Kwa hiyo nikiushusha, sijakuibia."

Bi Sikitu alimtazama kwa muda. Hakuwa mtu wa kudanganywa na sauti laini, na Obadia hakuwa nayo.

"Huo kunyweni," alisema hatimaye. "Lakini nitawaambia wenzangu bondeni. Wakikataa, mnafuta."

"Tunafuta."

*

Kwenye kibanda walijibana wanne. Obadia alifuta chujio lote, akaanza upya.

Njia ya mkato ilikuwepo. Ungeweza kuweka kile kikofia ^ mwanzoni ndani ya mabano, na maana yote ikageuka: alama yoyote isipokuwa hizi. Kwa hiyo [^_] lingekuwa "yeyote isipokuwa kistari cha chini," na kazi imekwisha. Aliifikiria akaiacha. Mlango wa "yeyote isipokuwa" unamfukuza mmoja unayemjua na kuwaingiza wote usiowajua. Kesho ingekuja alama nyingine, naye angekuwa amelala. Alitaka mlango unaotaja wanaoingia kwa majina.

Aliandika mstari wa kwanza, wa wanachama:

[A-Za-z][0-9]

"Kubwa mpaka kubwa," aliwaonyesha kwa kidole. "Kisha ndogo mpaka ndogo. Nyumba za katikati hatubishi hodi."

Akaandika mstari wa pili, wa mawingu pori, na hapo uzito ndio ulikuwa mlango:

_[0-2]

"Weka tatu," Zaberi alisema.

"Tatu linavuka mlima."

"Linavuka likichechemea. Tatu ni dogo."

"Mbili," Bi Sikitu alisema.

"Mkwe, mbili ni jasho la chura!"

"Mbili."

"Basi mbili na nusu, tuachane."

"Mashine haina nusu," Obadia alisema.

"Ndiyo maana siipendi." Zaberi alisogea, na safari hii alisoma mistari yote miwili, midomo ikicheza, kidole kikipita chini ya kila alama. Alirudi mwanzo akasoma tena. Kisha akabonyeza kidole gumba.

Obadia alibonyeza chake.

Nje, mvua ilikatika kama bomba lililofungwa. Kule mashambani nyimbo nazo zilikatika, watu wakainua nyuso kutazama mnara.

"Sasa kawaeleze," Enesi alimwambia kaka yake. "Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Zaberi alikwenda. Walimwona kwa mbali akiongea, mikono ikipaa, watu wakimzunguka. Kelele zilikuwepo. Mmoja alirusha jembe chini. Kisha Fungo, yule wa mbuzi, alionekana akisema jambo fupi, na kundi zima likacheka mpaka Zaberi akafunika uso kwa kofia.

Bi Sikitu alishuka mlima alasiri ile, na viazi alivyoweza kubeba. Pale kwenye mianzi alisimama akanywa tena.

*

Asubuhi moja, siku chache baadaye, ukungu ulipanda kutoka ziwani. _1, skrini ilisema, na mnara ukapiga mluzi mfupi, karibu wa aibu. Manyunyu yalishuka kwenye shamba la chini, laini, yakakaa juu ya majani bila kuteremka. Viazi vilikuwa havijashiba, lakini vilikuwa hai. Vingekuwa vidogo mwaka huu. Enesi alishafuta nusu ya mipango yake, akasema nusu iliyobaki ndiyo aliyokuwa anaitaka kweli.

Mchana wingu la pili likaja.

Watu waliliona kabla ya mnara kulisikia. Lilipanda ukingo likiwa jeusi, pana, chini limejaa mpaka limekuwa bluu, na upepo wake ulileta harufu ya udongo uliolowa. Wote waliacha majembe. Obadia alikuwa ndani ya kibanda, macho kwenye skrini.

_9.

Mnara ulisikiliza. Ulikaa kimya. Wingu likawapitia juu ya vichwa polepole sana, kama gari moshi lisilo na mwisho, na halikuangusha tone. Lilivuka ukingo, likainama upande wa Usangu, likapotea.

Obadia alitoka. Zaberi alikuwa amesimama uwanjani, kofia mkononi, shingo imepinda kulifuata. Hakuitupa.

Simu ililia wakati chai inaiva. Obadia aliweka sauti nje ili Enesi asikie, na Zaberi, aliyekuwa amekuja kunywa chai ya watu, akasogeza kigoda.

"Mzazi mwenzangu?" Obadia aliita. "Bi Sikitu?"

Hakuna aliyejibu. Kwenye simu kulikuwa na ngurumo tu, nzito, isiyokoma, na walichukua muda kutambua kwamba ni mvua juu ya bati, na kwamba mtu ameiweka simu chini akaenda zake. Kwa mbali watu walikuwa wanaitana. Sauti ya Ezelina ilipita mbio ikipiga kelele kuhusu miche, leteni miche, na mtoto akilia kwa mshangao wa kuloweshwa, na watu wakimcheka.

Walisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Lile lingejaza shamba langu lote," Zaberi alisema hatimaye. "Mpaka kwenye mfereji."

"Asubuhi ulikunywa," Obadia alisema.

Zaberi alifikiri kidogo, akavaa kofia yake, akasogeza kikombe aongezewe.